Umri na Thamani ya Kioo cha Kale: Kutoka Chovai hadi Kilwa

Utangulizi

Chovai ni kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni vilivyojipanga mbele ya pwani ya kusini ya Somalia, kati ya Kismayu na mpaka wa Kenya. Jirani zake ni Koyama, Ngumi na Chula. Lugha ya wenyeji ni Kibajuni, ambacho wataalamu wengine hukiita Kitikuu, mojawapo ya lahaja za kaskazini za Kiswahili. Kama ilivyo kwa visiwa jirani, Chovai ina mabaki ya makazi ya kale ya mawe. Mtu anayepita katika magofu ya aina hii, yawe ya visiwa vya Wabajuni, ya Pate, ya Gedi au ya Kilwa, huona vitu vidogo vilivyofukuliwa na mvua: kigae cha kauri, punje ya ushanga, au kipande cha shingo ya chupa kilichofifia rangi. Akishaokota, huuliza maswali mawili. Kitu hiki ni cha zamani kiasi gani? Na je, kina thamani gani?

Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo kuhusu kioo, yaani ushanga na vyombo vya kioo vilivyoingia katika pwani yetu kwa zaidi ya miaka 1,000. Msomaji anaweza kushangaa kuona mada hii katika jarida la walimu wa lugha. Sababu ni kwamba mbinu za kupima umri wa kioo zinafanana sana na zile tunazozitumia kupima umri wa maneno, na makosa yanayofanywa katika uwanja mmoja hufanywa pia katika ule mwingine. Hoja yangu kuu ni kwamba umri na thamani ya kipande cha kioo haviko ndani ya kioo peke yake. Sehemu kubwa iko katika mahali kilipokuwa kimelala na katika jina kilichoitwa na waliokitumia. Anayekiokota bila kuandika mahali, na anayekinunua bila kuuliza jina, hubaki na pambo tu.

Kioo ni nini, na kilitoka wapi?

Kioo hutengenezwa kwa mchanga ulioyeyushwa katika tanuri. Kwa kuwa mchanga peke yake huhitaji joto kali mno, mafundi wa kale waliuchanganya na magadi ili uyeyuke kwa wepesi, na chokaa ili kioo kisiharibiwe na maji. Neno magadi tunalifahamu vizuri Afrika Mashariki. Ziwa lenye jina hilo nchini Kenya limetoa malighafi ya viwanda vya vioo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo, watu wa miji ya pwani ya zamani walikipata kioo chao kwa njia ya bahari.

Magadi ya mafundi wa kale yalikuwa ya aina mbili kubwa. Katika nchi za Mashariki ya Kati, tangu enzi za Wasasani na baadaye katika miji ya Kiislamu, yalipatikana kwa kuchoma mimea ya nchi kame na ya chumvichumvi na kuchukua majivu yake. Katika Bara Hindi na Sri Lanka, mafundi wengi walitumia magadi yanayojitokeza juu ya udongo, pamoja na mchanga wenye aluminiamu nyingi. Tofauti hii haionekani kwa macho, lakini hubaki ndani ya kioo daima. Siku hizi wataalamu wa kemia hukichoma kioo kwa leza, mahali padogo kuliko ncha ya sindano, wakapima madini yaliyomo na kutambua kioo kilitoka upande gani wa bahari.

Uchunguzi wa namna hiyo umefanywa kwa ushanga wa Unguja Ukuu, mji wa kale wa kusini mwa kisiwa cha Unguja uliostawi baina ya karne ya 7 na ya 10. Ilidhihirika kwamba ushanga mwingi ulitengenezwa kwa kioo cha Asia ya Kusini. Vyombo vya kioo vilivyovunjika, vile vya manukato na vya kunywea, mara nyingi huelekeza kwenye Ghuba na nchi za Kiislamu. Kwa hiyo katika nyumba moja, mama aliweza kuvaa ushanga wa Bara Hindi na kujipaka mafuta yaliyotoka katika kichupa cha Ghuba. Miji mingine, kama vile Manda, Shanga, Gedi na Kilwa, nayo imetoa vipande vingi vya kioo.

Wenyeji hawakuvichukulia vitu hivi kama takataka za wageni. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani vilivyopangwa sahani na vyombo vya thamani. Walimu wa fasihi wataikumbuka Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inayoutazama utajiri wa Pate uliokwisha kutoweka: taa zilizong'aa, na zidaka za sahani zilizogeuka kuwa viota vya ndege. Mshairi aliitumia mali ile kuonya juu ya dunia. Kwa mwanahistoria, shairi hilo ni ushahidi pia wa mahali vyombo vilipowekwa na wa jinsi vilivyothaminiwa.

Alama zinazoonekana kwa jicho

Kabla ya maabara, jicho na kioo cha kukuzia vinaweza kutueleza mengi. Alama ya kwanza ni namna ushanga ulivyotengenezwa, na njia kuu ni tatu.

Njia ya kwanza ni ya kuvuta. Fundi alilivuta donge la kioo cha moto hadi likawa mrija mrefu na mwembamba, akaukata vipande vidogo, kisha akavipasha moto tena ili kingo zilainike. Ushanga huu hutambulikana kwa viputo na michirizi yake: vyote hufuata upande wa tundu, kama nyuzi za muwa. Sehemu kubwa ya ushanga mdogo wa kale wa Bahari ya Hindi ni wa aina hii.

Njia ya pili ni ya kuzungusha. Hapa uzi wa kioo laini ulizungushwa kwenye ufito wa chuma, na ufito ulipochomolewa ukaacha tundu. Michirizi yake haifuati tundu bali hulizunguka. Njia ya tatu ni ya kukandamiza katika kalibu, na ushanga wake huwa na mshono mwembamba mahali sehemu mbili za kalibu zilipokutana. Ushanga mwingi wa kalibu unaoonekana kwetu uliletwa na biashara ya Ulaya, hasa ya Bohemia, katika karne ya 19 na ya 20.

Chupa nazo zina alama zake. Chupa iliyopulizwa kwa mdomo na kushikwa kwa fimbo ya fundi huwa na kovu chini ya kitako, mahali fimbo ilipovunjwa. Chupa iliyopulizwa ndani ya kalibu na kumaliziwa mdomo kwa mkono huwa na mshono unaopanda ubavuni na kukoma shingoni. Mshono ukipanda hadi juu ya mdomo, basi chupa hiyo ni ya mashine, na mashine iliyofanya kazi yote peke yake ilipatikana Marekani mwaka 1903 kwa ubunifu wa Michael Owens. Aidha, kipande cheupe kilichogeuka zambarau kwa jua huwa kilitiwa manganisi ili kisafishwe rangi, jambo lililokuwa la kawaida mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo kipande cha zambarau kilichookotwa ufukweni, hata kikiwa kizuri namna gani, huenda ni chupa ya dawa au ya kinywaji ya wakati wa babu zetu.

Alama zinazodanganya

Waswahili husema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ingefaa ibandikwe kwenye kila duka la vitu vya kale, kwa sababu alama zinazowavutia wanunuzi ndizo zilizo dhaifu kuliko zote.

Ya kwanza ni rangi. Wekundu mzito kama wa tofali, kijani, buluu na manjano zilirudiwa na mafundi kwa karne nyingi. Shaba peke yake huweza kutoa wekundu au buluu ya kijani, kutegemea hewa iliyoingia katika tanuri. Punje nyekundu inaweza kuwa ya karne ya 9, nyingine inayofanana nayo ikawa ya karne ya 16. Jicho litasema ni ndugu, ilhali kati yao iko miaka 700.

Ya pili ni kuchakaa. Kioo kikizikwa katika udongo wenye unyevu hupoteza magadi yake kidogo kidogo, na ngozi yake hubanduka katika matabaka membamba yenye rangi kama za upinde wa mvua. Wengi huiona ngozi hii kuwa cheti cha uzee. Lakini kasi ya kuchakaa hutegemea udongo, maji, chumvi na mchanganyiko wa kioo chenyewe. Kioo kibovu kilicholala pabaya kwa miaka 100 huweza kuonekana kikongwe kuliko kioo kizuri cha miaka 1,000. Na mjanja mwenye tindikali anaweza kuizeesha punje mpya kwa muda mfupi tu.

Ya tatu ni kwamba kioo husafiri na kuishi muda mrefu kuliko watu. Ushanga hurithiwa, huchakaa uzi ukatungwa upya, na hupotea karne nyingi baada ya kutengenezwa. Huweza hata kuyeyushwa ukawa kitu kingine. Kule K2, karibu na Mapungubwe, kusini mwa mto Limpopo, mafundi wa karne ya 11 na ya 12 waliyeyusha ushanga mdogo uliotoka pwani, wakaumimina katika kalibu za udongo na kupata ushanga mkubwa wa kwao. Ukiushika ushanga huo, kioo ni cha Asia, kazi ni ya Afrika, na tarehe ya kioo si tarehe ya ushanga.

Ndiyo maana wanaakiolojia hushikilia sana suala la tabaka. Mark Horton alipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, kati ya mwaka 1980 na 1988, alikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti mingine iliyotangulia, ya zamani zaidi ikiwa ya miti, mmoja juu ya mwingine. Mji huo ulianza katika karne ya 8 na kuachwa yapata mwaka 1425. Punje ya ushanga iliyolala baina ya sakafu mbili za misikiti hiyo ina umri unaoweza kutetewa, hata kama ni ndogo kama mbegu ya mtama. Neville Chittick naye, katika kazi yake kubwa juu ya Kilwa iliyochapishwa kwa juzuu mbili mwaka 1974, aliyapanga mabaki ya mji kwa vipindi kulingana na matabaka. Wanaoutambua ushanga kwa umbo lake leo wanategemea kazi za namna hiyo. Jicho la mtaalamu lilifunzwa na udongo kwanza.

Somo la Birikau

Iwapo kuna msomaji anayedhani kwamba tunasisitiza mno suala la mahali, na atazame kisa cha Birikau, bandari ya bara iliyo kusini-magharibi mwa Chovai, ambayo katika ramani huitwa Bur Gao na Waingereza waliiita Port Durnford. Kisa chenyewe ni cha sarafu, si cha kioo, lakini funzo lake ni lilelile.

Mwaka 1912, wakati eneo hilo lilipokuwa bado chini ya Waingereza, Kapteni C. W. Haywood alitembelea magofu ya Birikau. Baadaye alieleza kwamba alipata huko sarafu za kale. Zilikuja kuchapishwa na wataalamu miaka 20 hivi baadaye, mwaka 1932, na orodha yake ilishangaza. Zilikuwemo za wafalme wa Ptolemaio wa Misri, za makaizari wa Roma, na pia za Wamamluki na Waturuki wa zama za baadaye sana. Kama kweli zote zilitoka katika ardhi ya Birikau, basi pwani ya Wabajuni ingekuwa na ushahidi wa kushikika wa biashara na Roma, jambo ambalo historia ya Afrika Mashariki imelitafuta kwa hamu.

Lakini nani aliziona zikitoka ardhini? Zilikuwa kina gani, ndani ya chombo gani, pamoja na vigae vya aina gani? Maelezo ya kutosha hayakuachwa. Chittick alipoichunguza pwani hiyo na visiwa vyake, katika taarifa aliyoichapisha mwaka 1969, hakuona Birikau dalili za makazi ya zama za Roma. Alichokiona kilikuwa cha karne za baadaye sana. Aliitilia shaka hazina ile, na shaka hiyo haijaondoka. Sarafu zenyewe ni halisi. Hakuna aliyesema kwamba kaizari aliyechorwa ni wa uongo. Kilichopotea ni kile kiungo kati ya sarafu na mahali, na pasipo kiungo hicho sarafu halisi haziwezi kutoa ushahidi kuhusu Birikau. Hasara hiyo haiwezi kulipwa kwa fedha, wala haiwezi kurekebishwa na maabara yoyote.

Thamani: bei ya soko na bei ya historia

Tukija kwenye thamani, historia yetu ina mifano mizuri kuliko orodha za minada. Katika karne ya 19 ushanga wa Venisi na wa nchi nyingine za Ulaya uliingia Zanzibar kwa wingi, ukabebwa na wapagazi hadi Tabora, Ujiji na kwingineko. Ulihesabiwa kwa kete, yaani uzi wa kipimo fulani, na kete 10 zilifanya fundo 1. Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, aliandika kwamba zilikuwepo aina zipatazo 400, kila moja ikiwa na jina lake, bei yake na mahali ilipopendwa. Mwekundu uliopendwa sana uliitwa samesame.

Henry Morton Stanley alijifunza jambo hili alipokuwa akitayarisha msafara wake mwaka 1871. Alielezwa kwamba ushanga mweusi ulipokelewa Ugogo kama fedha, lakini mahali pengine haukuwa na kazi. Ushanga mweupe uliitwa merikani, kama ile nguo ya Marekani. Ulifaa Ufipa na sehemu za Usagara na Ugogo, lakini Uzigua na Ukonongo wangeudharau. Ushanga mkubwa kama mayai ulitakiwa Ujiji na ukakataliwa kwingine. Mfanyabiashara aliyekosea hesabu angeweza kufika na mizigo kamili huku akiwa maskini, kwani hakuna ambaye angempa chakula.

Kutokana na hayo tunajifunza kwamba thamani ya ushanga haikuwa ndani ya punje. Ilikuwa katika makubaliano ya watu wa mahali fulani kwa wakati fulani. Wakusanyaji wa vitu vya kale wa Ulaya na Marekani leo nao wana makubaliano yao. Hupenda ushanga wa Venisi wenye maua, chombo kisicho na ufa, kazi iliyotiwa sahihi, kitu adimu. Punje nyekundu ndogo ya Bahari ya Hindi, hata ikiwa na umri wa miaka 1,000, haina uzuri wa kuwashindanisha matajiri. Zilitengenezwa kwa mamilioni, na nyingi zingalipo. Anayelichimba kaburi la kale akitarajia utajiri wa ushanga ataambulia pesa za chai, huku akiliharibu tabaka ambalo lingetueleza tarehe ya mji mzima.

Uharibifu wa namna hii tumekwisha kuuona. Katika makaburi ya kale ya pwani yetu, kama yale ya Kunduchi, mafundi walipachika mabakuli na sahani za kauri katika kuta na nguzo. Mengi yamebanduliwa, na kilichobaki ni mashimo ya duara katika chokaa. Bakuli lililobanduliwa likiwekwa sebuleni kwa mtu, ni bakuli la zamani kama mengine elfu. Lilipokuwa kaburini lilikuwa linaonyesha wakati kaburi lilipojengwa, hadhi ya marehemu na mikono ya bidhaa iliyomfikia.

Sheria nazo zinajali umri. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mpaka wake katika mwaka 1863. Kwa hiyo swali la iwapo ushanga fulani ni wa kalibu au wa kuvutwa si la burudani tu. Laweza kuamua kama aliye nao anamiliki pambo au anashikilia mali ya urithi wa taifa.

Maneno nayo ni vigae

Sasa tuje nyumbani kwetu, kwenye lugha. Kiswahili kina matabaka ya kioo kama ardhi ya Shanga ilivyo na matabaka ya sakafu. Neno bilauri limetokana na Kiarabu, ambako huhusiana na kioo safi kama fuwele. Neno glasi limetoka Kiingereza, nalo ni la juzi. Mrashi, chombo cha kunyunyizia marashi, linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kunyunyiza. Utunda ni ushanga wa kiunoni, na kondavi ni mkanda wa ushanga uvaliwao na wanawake. Samesame na merikani yalikuwa maneno ya kila siku ya njia ya msafara. Leo mwanafunzi wa chuo hulazimika kuelezwa maana ya samesame.

Lakini hapa pia tuangalie tusidanganywe na rangi. Wako waliodai kwamba jina la mji wa Shanga limetokana na Shanghai, eti kwa kuwa maneno yanafanana na kauri za Kichina zimeokotwa huko. Huku ni kupima umri wa punje kwa wekundu wake. Mfanano wa sauti bila ushahidi wa mahali, wa wakati na wa kanuni za sauti hauthibitishi asili ya neno. Kigae cha kauri kinathibitisha kwamba kauri ilifika, wala hakisemi nani aliupa mji jina.

Kosa la aina hii linapofanywa juu ya watu, madhara yake huwa makubwa. Vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni wengi. Walikimbilia Kenya, hasa Mombasa, na baadhi wakafika Ulaya kuomba hifadhi. Kwa kuwa wengi hawakuwa na hati, lugha yao ikawa hati. Rekodi za sauti zao zilisikilizwa na wachambuzi ili iamuliwe kama kweli ni watu wa Koyama, Chula au Chovai. Mwaka 2010, baraza la juu la rufaa za uhamiaji nchini Uingereza lilijadili kwa kirefu uzito wa ripoti za namna hiyo katika shauri la mtu aliyedai kuwa Mbajuni. Hapa mwalimu wa lugha aone uzito wa taaluma yake. Kijana aliyezaliwa kisiwani na kukulia Mombasa husema kwa matabaka yaliyochanganyika, kama ushanga wa kale uliotungwa katika uzi mpya. Asikilizaye neno moja la Kimvita na kuhukumu kwamba huyu si Mbajuni hana tofauti na anayetazama ngozi ya kioo na kutaja karne. Ni lazima aulize: alikulia wapi, kwa nani, kwa miaka mingapi, na nani mwingine kijijini kwake husema hivyo?

Ili maswali hayo yajibiwe, pawepo kumbukumbu. Vinigi Grottanelli aliandika kwa Kiitaliano kitabu kikubwa juu ya wavuvi wa Kibajuni, kilichotoka mwaka 1955. Derek Nurse amekusanya kwa miaka mingi msamiati na sarufi ya lahaja hiyo. Kazi hizi ni muhimu sana, lakini zinahitaji kuongezewa, na wanaoweza kuziongeza ni wazungumzaji wenyewe na wanafunzi wetu.

Hitimisho

Kwa muhtasari, anayetaka kuujua umri wa kioo cha kale aanze na mahali. Kitu kikiwa bado ardhini, kiachwe. Taarifa ipelekwe kwa ofisi ya makumbusho au ya mambo ya kale iliyo karibu. Kama kimekwisha kuokotwa, iandikwe siku hiyo hiyo kilikuwa wapi, juu ya ardhi au ndani, na pamoja na nini. Baada ya hapo ndipo zitazamwe alama za kazi: viputo, mshono, kovu. Rangi na kuchakaa vije mwisho, tena vishikwe kwa tahadhari. Bei isitajwe kabla ya hayo yote.

Kwa walimu wenzangu, napendekeza zoezi dogo la darasani linaloweza kufanywa katika muhula mmoja. Kila mwanafunzi aende kwa bibi au mama mtu mzima wa kwao mwenye ushanga wa zamani, au anayeukumbuka. Amwombe majina: ya rangi, ya umbo, ya kipimo, ya mahali pa kuvaliwa na ya nani aliruhusiwa kuuvaa. Aandike neno kama lilivyotamkwa, si kama kamusi inavyotaka, pamoja na mahali msemaji alikokulia na umri wake. Ushanga wenyewe aurudishe kwa mwenyewe. Wanafunzi wa Mombasa, Lamu na Kismayu wenye jamaa waliotoka visiwani wana nafasi ambayo mtaalamu wa maabara hana: leza inaweza kutaja tanuri la Bara Hindi lililotoa kioo, lakini haiwezi kutaja jina ambalo mama wa Chovai aliuita ushanga wake. Jina hilo likifa na mwenyewe, hakuna tabaka la ardhi litakalolihifadhi.